Deni la Waliobaki Nje

Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, wenye makao makuu hapa Dodoma, ulisitisha kuandikisha watoto mmoja mmoja kupitia Toto Afya Kadi. Mzazi alikuwa akilipa shilingi 50,400 kwa mwaka, na mtoto wake aliye chini ya miaka 18 akapata matibabu kuanzia zahanati hadi hospitali za rufaa. Mfuko ulieleza sababu zake waziwazi: wazazi wengi walileta watoto waliokwisha kuugua, wazima wakaachwa bila kadi, na michango ikawa haikaribii gharama. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali. Wapo waliosema wazazi ni wajanja, wapo waliosema Mfuko ni katili, na kila upande ulikuwa ukimtafuta mkosaji kabla ya kuuliza fedha imekwenda wapi. Wagonjwa wanapojiunga na wazima wakakaa pembeni, gharama inamwangukia nani? Na ilipaswa kumwangukia nani? Jibu langu ni kwamba inamwangukia mtu asiyeweza kuondoka, ilhali mwenye deni hasa ni yule anayeweza kukaa nje kwa hiari yake na bado akabaki na haki ya kuingia siku atakayougua.

Tuanze na hesabu ya kubuni, kwa kuwa bila hesabu mjadala huu hugeuka kuwa wa hisia tupu. Kuna watoto 100, na kwa mwaka mmoja 10 kati yao watahitaji matibabu ya shilingi 400,000 kila mmoja. Jumla ni milioni 4. Wote 100 wakijiunga, kila mzazi analipa 40,000 na hesabu inafunga. Sasa waingie wale 10 wagonjwa pamoja na 10 tu walio wazima. Gharama imebaki milioni 4 ileile, wachangiaji wamekuwa 20, na mchango unaotosha ni 200,000. Kwa bei hiyo wazazi wa wale 10 wazima wanajitoa, nao hakuna wa kuwalaumu. Wanabaki wagonjwa 10, kila mmoja akidaiwa 400,000, yaani gharama yake mwenyewe kamili. Bima imekufa, na hakuna aliyeiba senti. Mchumi George Akerlof aliichambua hali hii mwaka 1970, akitaja wazee wanaokosa bima kwa bei yoyote ile. Chuo Kikuu cha Harvard kiliishuhudia ndani ya nyumba yake: mwaka 1995 kilibadili utaratibu ili mtumishi anayetaka mpango wa gharama kubwa alipe tofauti mwenyewe, vijana wenye afya wakauhama, bei ikapanda, na kufikia mwaka wa tatu mpango huo ukafutwa. Kwa hiyo tusidhani tatizo hili limeletwa na umaskini au uelewa mdogo wa bima. Limewakuta maprofesa.

Mtu husema gharama hiyo inabebwa na Mfuko. Lakini Mfuko hauna mfuko wake. Kila shilingi unayopungukiwa lazima itoke kwa mtu mwenye jina, na inafaa kuifuata shilingi hiyo hadi mwisho wa safari yake. Kituo cha kwanza ni watumishi wa umma. Tangu NHIF ianze kazi mwaka 2001, kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999, muuguzi na mwalimu hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3. Hawaulizwi kama mwaka huu wanajisikia vizuri. Fedha zao ndizo zinazofidia vitita vya hiari vinapopata hasara, na hawana mlango wa kutokea. Kituo cha pili ni hospitali. Mfuko ukibanwa hupunguza bei unazolipa, na Machi 2024, kitita kipya cha mafao kilipoanza kutumika, hospitali binafsi kadhaa zilisimamisha huduma kwa wenye kadi za NHIF hadi mazungumzo yalipofanyika. Siku zile mwenye kadi aliyefika getini alitakiwa atoe fedha taslimu au atafute hospitali nyingine. Kituo cha tatu ni mgonjwa mwenyewe, maana dirisha likifungwa kama lilivyofungwa kwa Toto Afya Kadi, anayebaki nje ni mtoto ambaye bado hajaandikishwa na moyo wake una tundu. Baadaye dirisha hilo lilifunguliwa tena, ila miezi ya mtoto mgonjwa haingoji kikao cha bodi.

Kipo kituo cha nne, na ndicho kinachosahaulika zaidi: familia ya kawaida yenye afya na kipato kidogo, ambayo ingejiunga kwa 40,000 lakini haiwezi kwa 200,000. Hii haimo katika takwimu za hasara kwa sababu haijawahi kuwa mwanachama. Kila mwaka inapita bila kinga yoyote, na akiugua mmoja wake inauza mbuzi, inauza gunia, inakopa. Nchini mwetu wenye bima ya afya ya aina yoyote wamekuwa takriban asilimia 15 tu, na tukizungumzia hasara ya mifuko bila kuwakumbuka wengine wote tutakuwa tumehesabu kipande cha deni tukakiita deni zima.

Mkoa wa Dodoma una uzoefu wake katika jambo hili, tena wa muda mrefu. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio kwingine, Igunga, katikati ya miaka ya 1990, muda mfupi baada ya uchangiaji wa gharama za matibabu kuanzishwa mwaka 1993, ukapata sheria yake mwaka 2001. Kaya ilichangia kwa hiari, na Serikali ikaahidi kuongeza kiasi kilekile kwa utaratibu uliojulikana kama tele kwa tele. Asiyejiunga alilipa papo kwa papo. Kuanzia mwaka 2011, kwa msaada wa Uswisi, Dodoma ukawa mkoa wa kwanza kuufumua na kuusuka upya mfuko huo: mwandikishaji anatembea kijijini na simu, anampiga picha kila mwanakaya, taarifa zinaingia kwenye mfumo, na kadi inatambulika nje ya zahanati ya kijiji. Mwaka 2018 CHF iliyoboreshwa ikaenea nchini, katika mikoa mingi kwa shilingi 30,000 kwa kaya isiyozidi watu sita. Waliobuni kuandikisha kaya nzima walilielewa tatizo, kwa sababu kaya humleta mgonjwa pamoja na wazima wake. Bibi mwenye shinikizo la damu anaingia na wajukuu wanaocheza mpira. Lakini uamuzi wa kaya kujiunga au kutojiunga ulibaki wa hiari, na kaya yenye bibi mgonjwa ndiyo inayomtafuta mwandikishaji, wakati ile isiyo na mgonjwa inamwambia apite wakati mwingine.

Kisha nenda kwenye dirisha la dawa la zahanati uone mwisho wake. Michango ni midogo, wanaochangia ni wanaohitaji, na dawa zinaisha kabla ya robo ya mwaka kuisha. Mgonjwa anaonesha kadi, jina lake linaandikwa kwenye kitabu cha MTUHA, cha kumbukumbu za wagonjwa, mganga anamwandikia, na dirishani anaambiwa dawa hakuna, kanunue nje. Hapo gharama imegawanywa kwa namna ambayo hakuna mtu aliyeipigia kura. Mgonjwa amelipa mara mbili, kwenye kadi na kwenye duka la dawa. Na jirani aliyekuwa anafikiria kujiunga anaposikia habari hiyo anapata sababu nzuri ya kutojiunga. Mwaka unaofuata wachangiaji ni wachache zaidi na dawa ni pungufu zaidi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema wananchi hawajiungi kwa kukosa elimu ya bima. Wengi wanaielewa hesabu vizuri kuliko wanaowahubiria.

Je, mzazi anayekata kadi baada ya mtoto kuugua ametenda kosa? Bima ni makubaliano ya kusaidiana yanayofanywa kabla ya kujua nani atapata shida. Wagogo wa nyanda hizi waliliishi wazo hili zamani. Peter Rigby, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu mifugo na undugu wa Wagogo, alieleza jinsi wenye ng'ombe walivyowasambaza kwa ndugu na marafiki wa mbali, kwa kuwa mvua ya Ugogo huchagua: inanyesha kilima hiki na kuruka kile. Ng'ombe walipelekwa kabla ya kujua ukame utapiga wapi. Angekuja mtu mwaka wa njaa, nyasi zake zimekwisha kukauka, na kwa miaka yote hakupokea ng'ombe wa mwenzake, angehurumiwa, ila asingeweza kusema anadai haki. Kwa mtazamo huu, anayekata kadi akiwa tayari anajua ugonjwa anaomba msaada kwa jina la bima. Nalikubali hilo. Lakini hoja hii ina upande wa pili usiosemwa. Mtindo ule ulifanya kazi kwa sababu kukaa nje yake kulikuwa na gharama; mtu asiyeshiriki alijikuta bila marafiki. Sisi tumeuza kinga kwa hiari, tumeacha mlango wazi mwaka mzima, na tunamshangaa anayeingia anapohitaji. Kaya ya mkulima wa mtama inayopata fedha taslimu baada ya mavuno, yenye ada za shule na bati la kuezekea, ikiweka kadi ya bima mwisho wa foleni haijadanganya mtu. Imefuata utaratibu tuliouweka.

Lawama ya kweli naiweka kwingine. Mchukulie mtu mwenye kipato kizuri asiye na mwajiri wa kumkata: mwenye nyumba za kupangisha wanafunzi kule Kikuyu, jirani na Chuo Kikuu cha St. John's, au mfanyabiashara wa jumla wa Soko la Majengo. Hana bima, na anajiona hamgharimu mtu. Ukweli ni kwamba anatumia kitu kila siku bila kukilipia. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo usiku na mchana, Hospitali ya Benjamin Mkapa imefikia kupandikiza figo tangu mwaka 2018, na vyote hivyo vinamsubiri yeye kama vinavyomsubiri mwenye kadi. Zaidi ya hapo, ana uhakika kwamba figo zikigoma atakata bima wakati huo. Uhakika huo ni mali. Ni kinga kamili, ila ada yake inalipwa na muuguzi aliyekatwa asilimia 3 kwa miaka 20. Aliyebaki nje ya bima hivyo hajabaki nje kabisa. Yumo ndani, anadaiwa, na hakuna anayempelekea ankara.

Mtu makini atapinga: kama tatizo ni mlango ulio wazi, tuufunge kwa muda wa kusubiri. Ajiungaye leo aanze kutibiwa baada ya miezi kadhaa. Mifuko mingi hufanya hivyo, na kwa mafao machache, hasa upasuaji unaoweza kupangwa, sioni ubaya. Ukiufanya kuwa dawa kuu, angalia unamwadhibu nani. Mtoto aliyezaliwa jana na kasoro ya moyo hakuwa na jana nyingine ya kujiunga. Mwenye nyumba za kupangisha ana akiba ya kuvuka miezi ya kusubiri. Mbeba mizigo hana. Muda wa kusubiri unamchuja maskini kabla haujamgusa mjanja. Wengine husema tutoze kila mtu kulingana na hatari yake, kama bima ya magari. Hapo hesabu itafunga vizuri sana, kwa sababu kila mgonjwa atajilipia mwenyewe, na kilichofutwa ni kusaidiana ambako bima iliundwa kwa ajili yake. Gari linaweza kuuzwa likiwa bovu. Mwili wenye selimundu haujachaguliwa na mwenye nao.

Pingamizi zito zaidi linahusu ulazima, na silichukulii kijuujuu. Ikiwa tiba ya ugonjwa huu wa mifuko ni kila mtu kuwemo, basi itabidi alazimishwe, na anayelazimishwa kwanza huwa mnyonge. Mwaka 2022 muswada wa bima ya afya kwa wote ulipofika bungeni, ulitaka kuifunga bima na huduma nyingine za Serikali, kama leseni ya udereva na kusajili laini ya simu, na kiwango kilichotajwa kilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita. Watu walipinga, na walikuwa na haki. Kiwango kimoja kwa tajiri na maskini, kikisukumwa kwa kumnyima mtu laini ya simu, ni kodi ya kichwa iliyorudi kwa jina jipya. Sheria iliyopitishwa Novemba 2023 iliweka ndani yake mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, kwa fedha za vyanzo kama ushuru wa vinywaji baridi, vileo na vipodozi. Hapo ndipo penye ufunguo, kwa sababu waliobaki nje ni makundi mawili yenye sababu tofauti kabisa. Wapo wasioweza kulipa na wapo wasiotaka. Kuwalazimisha wote kwa kiwango kimoja ni kuwatoza wa kwanza deni la wa pili.

Majirani wametangulia, wengine wakijikwaa. Rwanda iliifanya bima kuwa ya lazima kisheria mwaka 2008, na miaka michache baadaye ikaanza kuchangisha kwa madaraja ya uwezo wa kaya, maskini kabisa wakilipiwa, na idadi kubwa mno ya wananchi wake wamo ndani. Kenya ilianzisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 2024, ikakata asilimia 2.75 ya mishahara na kuwapimia kipato wasioajiriwa. Waliojisajili huko ni wengi kuliko wanaolipa, na mzigo umerudi palepale kwa wenye hati ya mshahara. Fundisho ninaloliona ni kwamba neno lazima likiandikwa kwenye sheria halitoshi. Lazima ina maana pale tu inapomfikia mwenye uwezo asiye na mwajiri, na huyo hafikiwi kwa kadi bali kwa kodi: ya pango, ya biashara, ya anachonunua. Kabla ya mwaka 1993 matibabu katika hospitali za Serikali yalilipiwa kwa kodi, na tatizo hili halikuwepo kwa sababu rahisi: hakukuwa na kujiunga. Upungufu ulikuwa mwingi, dawa zilikosekana wakati huo pia, na sipendekezi turudi nyuma tukiwa tumefumba macho. Nasema tu kwamba kodi ina sifa ambayo kadi ya hiari haitaipata kamwe: hakuna anayesubiri augue ndipo ailipe.

Limebaki pingamizi la wenye mashaka. Wanasema habari ya wagonjwa kujiunga ni kisingizio cha kuficha uzembe. Kwamba ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, zimetaja madai ya Mfuko kwa Serikali yasiyolipwa, udanganyifu wa baadhi ya vituo katika madai yao, na gharama za kuendesha ofisi. Yote hayo ni ya kweli na yanastahili hatua, na mwanachama anayekatwa mshahara ana haki ya kuuliza fedha zake zilikopeshwa kwa nani. Hata hivyo, rudi kwenye wale watoto 20. Katika hesabu ile hakukuwa na mwizi wala mkopo, na bima ikafa. Mfuko ulio safi kabisa, ukiuza kadi ya mtoto mmoja mmoja kwa hiari, utafika mahali palepale, ila kwa kuchelewa kidogo. Uzembe unaharakisha kifo, na pia unawapa wazima sababu ya heshima ya kukaa nje. Kwa hiyo uadilifu wa Mfuko ni sehemu ya tiba. Hautoshi peke yake, lakini bila huo hakuna atakayekubali sehemu iliyobaki.

Kwa wanaotunga kanuni na kupanga bajeti katika mji huu, ombi langu ni la utaratibu wa hatua. Mfuko wa wasio na uwezo ujazwe kwanza, fedha zionekane na dawa zifike dirishani, ndipo ulazima uanze. Na uanze juu, kwa wenye mapato yasiyokatwa popote, kabla ya kushuka kwa mkulima wa mtama. Mchango ufuate kipato badala ya idadi ya vichwa. Na mtoto asiwe tena mteja wa peke yake anayepimwa kama analeta faida au hasara. Mzazi aliyekimbilia kadi mwanawe alipougua hakuuvunja Mfuko. Alikuja amechelewa mahali ambapo wengi wenye uwezo kuliko yeye hawajafika kabisa, na hao ndio wanaodaiwa.